Hisa, basibasi na mahari yako: maswali ya leo yenye umri wa miaka 400



Ikifika Mfunguo Mosi na harusi zikaanza kufuatana, maswali yanayotufikia huwa ni ya hina, piko, sare na ukumbi. Miaka hii ya karibuni limeingia na la pesa. Biharusi ameshapewa mahari yake mkononi na hataki yote yaishie kwenye kabati la vyombo. Mama anamwambia anunue dhahabu. Shoga yake anamwambia aingie kwenye mchezo. Kaka aliyeko Dar anamwambia anunue hisa, na hapo ndipo anapokwama. Hisa si kamari? Nikizitaka pesa zangu nitazipata? Bei ikishuka je? Lazima niwe tajiri ndipo nianze? Na dini yetu inasemaje?

Tumeona tuyajibu kwa kurudi nyuma kwenye historia, kwa sababu hakuna hata moja kati ya maswali haya lililo jipya. Karibu yote yaliulizwa ndani ya miaka kumi ya mwanzo ya kampuni ya kwanza kubwa iliyouza hisa kwa kila mtu. Na kampuni hiyo, kama mtakavyoona, inahusika na mikarafuu yetu.

Lakini tuanze mbali zaidi, Makka.

Mwenye mtaji ambaye hasafiri

Bibi Khadija bint Khuwaylid (R.A.) alikuwa mfanyabiashara ambaye mali yake ilisafiri na yeye akabaki nyumbani. Alikuwa akimpa mtu mzigo aupeleke Sham, wakishakubaliana malipo yake au sehemu yake ya faida. Ndivyo alivyomtuma Mtume wetu (S.A.W.) kabla ya utume, akafuatana na Maysara, mtumishi wa Bibi Khadija. Sehemu hiyo ya kisa tunaijua sote, kwani huhadithiwa kwenye kila Maulidi. Tunayoipita haraka ni ile ya hesabu.

Mafakihi waliuita mpango wa namna hii mudharaba. Mmoja anatoa mali, mwengine anatoa kazi, na faida inagawanywa kwa sehemu waliyoafikiana, nusu kwa nusu au theluthi kwa theluthi mbili. Hakuna anayeahidiwa kiasi maalumu. Msafara ukivamiwa njiani, hasara ya mali ni ya mwenye mali, na mfanyakazi amepoteza jasho lake. Mwenye kukopesha kwa riba, kinyume chake, anadai chake na ziada hata kama ngamia wote wamekufa jangwani.

Kwa hiyo yule anayeuliza "si naweza kupoteza?" jibu ni ndiyo, unaweza, na kule kuweza kupoteza ndiko kunakoifanya faida ya biashara iwe halali, tofauti na riba. Kamari ni kitu chengine. Kwenye kamari hakuna ngamia, hakuna mzigo, hakuna mtu aliyelima wala kushona chochote. Pesa zinatoka mfuko huu zinaingia mfuko ule. Ukinunua hisa ya kampuni ya saruji umenunua kipande cha tanuri, cha magari na cha mifuko iliyomo ghalani. Ukinunua karatasi usiyojua ni ya nini, kwa tamaa ya kuiuza kesho kwa mwengine asiyejua vilevile, basi hapo kamari umeisogelea, na jina la "hisa" halitakuokoa.

Mtumishi wa ndani kwenye daftari la matajiri

Tarehe 20 Machi 1602 watawala wa Uholanzi waliipa kampuni moja haki ya peke yake ya kufanya biashara na nchi za Mashariki. Ni Kampuni ya Uholanzi ya Mashariki ya India, maarufu kwa herufi zake VOC. Safari za meli zilikuwa ghali mno kwa tajiri mmoja, kwa hiyo mkataba wake uliruhusu kila mkaazi wa nchi aweke pesa, kidogo au nyingi, bila kikomo cha chini wala cha juu.

Mjini Amsterdam daftari lilifunguliwa nyumbani kwa mmoja wa wakurugenzi, Dirck van Os, mpaka mwisho wa Agosti. Waliojiandikisha walikuwa 1,143, na jumla ya pesa walizoahidi ilipita gilda milioni 3.6. Wapo walioandika makumi ya maelfu. Na miongoni mwa waliojiandikisha mwisho kabisa yupo mwanamke anayeitwa Neeltgen Cornelis. Alikuwa mtumishi wa ndani katika nyumba hiyohiyo. Aliandika gilda 100.

Tumeipenda sana mistari hiyo ya daftari. Wiki nzima nzima matajiri wanaingia na kutoka, yeye yumo na kazi zake, na siku daftari linakaribia kufungwa naye anakwenda kuandikwa. Kwa mtumishi wa ndani gilda 100 zilikuwa akiba ya siku nyingi. Lakini hakutakiwa kuzitoa zote usiku ule. Walioandikwa walilipa kwa awamu, miaka kadhaa. Basi anayetuuliza kama hisa ni za wenye majumba ya ghorofa, ajue kuwa kwenye daftari la mwanzo kabisa mfanyakazi wa ndani yumo pamoja na bwana wake.

Je, angezitaka pesa zake angezipata? Hili ndilo swali lililozaa soko lenyewe. Mkataba ulisema hesabu itafungwa baada ya miaka kumi, na hapo mwenye kutaka atoke na chake. Miaka kumi ni mingi. Mtu anaoa, anaugua, anafiwa. Kampuni haikuwa na pesa za kumrudishia, maana zilikuwa zimeshageuka kuwa meli zilizoko baharini. Lakini ilikubaliwa tangu mwanzo kuwa mwenye hisa anaweza kumuuzia mwengine. Muuzaji na mnunuzi walikwenda pamoja kwa mwandishi wa vitabu wa kampuni, jina moja likafutwa na jengine likaandikwa. Ilipofika 1612 wakurugenzi hawakufunga hesabu wala hawakurudisha mtaji, na tangu hapo kuuza kwa mwengine ndiyo ikawa njia pekee ya kutoka.

Mpaka leo ni vivyo hivyo, na wengi wanaoanza hawajaambiwa. Ukinunua hisa kwa mtu pale Soko la Hisa la Dar es Salaam, kampuni hairudishi pesa zako. Anakupa mnunuzi. Akiwepo leo, unauza leo. Asipokuwepo, unangoja, na zipo hisa kwenye soko letu ambazo hungojewa wiki nyingi. Mahari utakayoyahitaji mwezi ujao kwa kodi ya nyumba si pesa ya kununulia hisa, hata kampuni iwe nzuri namna gani.

Gawio la basibasi

Wenye hisa wa VOC walikaa miaka bila kuona hata senti. Manung'uniko yalipozidi, mwaka 1610 kampuni ikatoa gawio lake la kwanza, na si la pesa. Ilitoa basibasi! Kila mtu alitakiwa achukue basibasi yenye thamani ya asilimia 75 ya mtaji aliouweka, na baadaye mwaka uleule ikafuata pilipili manga pamoja na pesa taslimu kidogo. Hebu fikirini mjane wa Amsterdam anayerudi nyumbani na magunia ya basibasi. Wafanyabiashara wa viungo walijua la kufanya nayo, lakini mtu wa kawaida angeiuzia wapi, ilhali mji mzima umepewa basibasi siku moja na bei imeporomoka? Wengi waliikataa wakasubiri pesa.

Mwaka mmoja kabla ya hapo lilikuwa limetokea jengine. Isaac Le Maire, tajiri aliyekuwa mkurugenzi kisha akagombana na wenzake, alianzisha kundi la siri. Wakauza hisa wasizokuwa nazo, kwa ahadi ya kuzikabidhi baada ya mwaka mmoja au miwili, huku wakieneza habari mbaya ili bei ishuke wazinunue kwa urahisi. Bei ikashuka kweli. Wakurugenzi walikwenda kulalamika serikalini kuwa wajane na mayatima wanaumizwa, na Februari 1610 ikatoka amri ya kukataza kuuza hisa ambayo mtu hana.

Waislamu walikuwa na katazo hilo miaka karibu elfu moja kabla. Aliyeuliza alikuwa Hakim bin Hizam, mtoto wa kaka yake Bibi Khadija, mfanyabiashara kama shangazi yake. Alimuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu mtu anayemjia akitaka kitu ambacho yeye hana: je, amuuzie kwanza kisha aende sokoni akakinunue? Akaambiwa asiuze asichokuwa nacho. Kwa hiyo ukikutana na programu ya simu inayokushawishi "kuuza kabla ya kununua" au kununua kwa pesa ya kukopeshwa mara kumi ya uliyonayo, huna haja ya kuwa bingwa wa uchumi. Swali la Hakim linakutosha.

Na mikarafuu yetu? VOC ilitaka viungo viwe vyake peke yake. Mwaka 1621 iliviteka visiwa vya Banda, kwenye kungumanga na basibasi, na wengi wa wenyeji wake waliuawa, wakafa njaa au wakachukuliwa utumwani. Karafuu nazo zilizuiwa zisioteshwe nje ya Ambon na visiwa vya jirani, na miti ya kwengine ikakatwa. Ndiyo maana mwaka 1770 Mfaransa Pierre Poivre alipofanikiwa kuiibia Mauritius miche ya karafuu, ilikuwa kama kuvunja kufuli. Kutoka visiwa vya Wafaransa mikarafuu ikafika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na Sayyid Said akaisimamia mpaka mashamba yakaenea Unguja na Pemba. Huku nako waliochuma walikuwa watumwa.

Tunalitaja hili kwa sababu linajibu swali ambalo wengine huliona ni la kidini tu: kampuni hii inafanya nini khasa? Mwenye hisa kule Amsterdam aliyepokea gawio lake alikuwa na sehemu katika yaliyofanyika Banda, awe amejua au hakujua. Jina lake lilikuwemo kwenye daftari.

VOC ilidumu karibu miaka mia mbili. Ilivunjwa mwisho wa 1799 ikiwa na madeni makubwa, na hisa zake zikawa karatasi. Ilikuwa kampuni kubwa kuliko zote za zama zake.

London, 1720

Kisa cha pili tutakipita upesi, kwa sababu kinajulikana. Kampuni ya South Sea ya Uingereza ilikuwa na mkataba wa mwaka 1713 wa kupeleka watumwa 4,800 kila mwaka kwenye makoloni ya Hispania. Januari 1720 hisa yake ilikuwa karibu pauni 128. Katikati ya mwaka ilikaribia 1,000. Mwaka ulipokwisha ilikuwa chini ya 200. Mwanasayansi mkubwa Isaac Newton aliuza mapema kwa faida, kisha akashindwa kuvumilia kuwaona wengine wakitajirika, akarudi kununua juu kabisa, akapoteza maelfu ya pauni.

Sarah Churchill, mke wa jemadari wa Marlborough, alitoka kabla ya kuporomoka akiwa na faida ya karibu pauni 100,000. Hakuwa na elimu ya Newton. Alikuwa mwanamke mwenye mazoea ya kukagua hesabu zake mwenyewe, na aliona kuwa kampuni isiyouza kitu cha maana haiwezi kuwa na thamani ile. Basi anayesema hawezi hisa kwa sababu hesabu za skuli zilimshinda, tunamwambia hesabu zilizomponza Newton hazikuwa za skuli.

Jambo moja la Uingereza hiyo lazima mabiharusi walijue. Mwanamke wa kule akiolewa, sheria ya kawaida iliipeleka mali yake mikononi mwa mume. Matajiri walitumia wadhamini na mikataba ya kisheria kuikwepa, lakini mwanamke wa kawaida hakuwa na njia. Ilikuwa hivyo mpaka sheria za mwaka 1870 na 1882 zilipomruhusu mke awe na mali kwa jina lake. Kwetu sisi, mahari ni ya mke tangu iliposhuka Suratun Nisaa, na mali yake nyengine ni yake vilevile. Sayyid Said alipofariki mwaka 1856, binti yake Salme, aliyekuwa na umri wa miaka kama kumi na mbili, alirithi shamba na fedha, na hakuna aliyeona ajabu.

Kwa hivyo tukiulizwa "hisa niandikishe jina la nani?" huwa tunashangaa kidogo. Ukinunua kwa mahari yako, andikisha jina lako. Mume akitaka mnunue pamoja, kila mmoja kwa pesa yake, ni jambo zuri, na kila mmoja awe na akaunti yake ya hisa. Kupendana hakuzuiwi na karatasi zilizo sawa.

Nairobi, kisha Dar es Salaam

Soko la hisa la Nairobi lilisajiliwa mwaka 1954. Madalali walikuwa wachache, wakikutana hotelini, na mpaka uhuru ulipokuja mwaka 1963 Waafrika na Waasia hawakuruhusiwa kununua. Bibi zetu wenye nduguze Mombasa hawakuachwa nyuma kwa uvivu. Mlango ulifungwa.

Miaka 45 baadaye mlango ulifunguka kwa kishindo. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliuza hisa bilioni 10 za Safaricom, kila moja shilingi 5 za Kenya. Watu walipiga foleni, na maombi yakazidi hisa zilizokuwepo zaidi ya mara nne. Wapo waliouza ng'ombe, wapo waliokopa benki kwa riba wakitarajia kuuza wiki ya pili na kubaki na faida. Kila mmoja akapata sehemu tu ya alizoomba, na pesa zilizobaki zikachelewa kurudi huku riba ya mkopo ikihesabiwa. Siku ya kwanza, tarehe 9 Juni, bei ilipanda. Kabla mwaka kwisha ilikuwa imeshuka chini ya shilingi 4.

Hapa ndipo swali la "bei ikishuka je?" linapopata jibu lake halisi. Watu wawili walinunua hisa ileile siku ileile kwa shilingi 5. Mmoja alikopa, akalazimika kuuza bei ikiwa chini ili alipe benki, na hasara yake ikawa ya kweli na ya kudumu. Wa pili aliweka pesa asizozihitaji, akazisahau, akawa anapokea gawio. Mwaka 2021 hisa hiyo ilipita shilingi 40. Aliyeingia mwaka huo kwa kusikia sifa, aliiona 2023 ikiwa chini ya 20. Kampuni ni ileile. Kilichowatenganisha ni pesa walizonunulia zilitoka wapi na walihitaji kuziona tena lini.

Dar es Salaam soko lilisajiliwa mwaka 1996, baada ya sheria ya masoko ya mitaji ya 1994, na biashara ikaanza Aprili 1998. Kampuni ya kwanza ilikuwa TOL, watengenezaji wa gesi ya oksijeni. Ya pili, mwezi wa Septemba, ilikuwa Kampuni ya Bia Tanzania. Mwaka uliofuata ikaja ya chai, TATEPA, na mwaka 2000 ikaja Kampuni ya Sigara. Fikirini basi Muislamu aliyesimama mbele ya ubao wa bei mwaka huo: gesi, bia, chai, sigara. Saruji ya Tanga ilifika 2002. Mabenki makubwa yakafuata, NMB mwaka 2008 kwa shilingi 600 na CRDB mwaka 2009 kwa shilingi 150. Vodacom ilipouza hisa mwaka 2017 kwa shilingi 850, maelfu ya Watanzania walikuwa wananunua hisa kwa mara ya kwanza maishani, na wengi walivunjika moyo bei ilipokaa chini ya hapo miaka kadhaa.

Katikati ya hayo, mwaka 2009, Tanzania ilitikiswa na DECI, ambako mtu "alipanda" pesa na "akavuna" zaidi ya mara mbili baada ya miezi michache, mpaka serikali ilipoifunga. Mpaka leo wapo wanaoichanganya na soko la hisa. Haikuwa na kiwanda wala bidhaa, na mavuno ya wa jana yalikuwa mbegu za wa leo. Mkitaka alama ya kuitambua mengine kama hiyo, itazameni ahadi. Kampuni iliyoorodheshwa sokoni haikuahidi gawio la kiasi maalumu; inatangaza hesabu zake hadharani, nzuri na mbaya. Anayekuahidi asilimia kadhaa kila mwezi bila kukosa, ima ni riba ima ni wizi.

Halali au haramu?

Wanazuoni walilijadili swali hili kwa muda mrefu. Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, lilipokutana Jeddah Mei 1992, lilisema kuwa kuanzisha kampuni na kununua hisa katika kampuni yenye kazi halali ni jambo linaloruhusiwa. Kampuni ambayo kazi yake khasa ni haramu, kama riba au pombe, kununua hisa zake ni haramu bila mjadala. Tatizo likawa la katikati: kampuni ya simu au ya saruji ambayo kazi yake ni halali, lakini imekopa benki au imeweka akiba yake kwenye akaunti ya riba. Baraza lilisema asili yake ni haramu kushiriki humo. Wanazuoni wengine wakaona kuwa ikiachwa hivyo hakuna karibu kampuni yoyote duniani itakayobaki, wakaweka mipaka. Taasisi ya AAOIFI ya Bahrain, ambayo viwango vyake hufuatwa na benki nyingi za Kiislamu, imesema mikopo ya riba isifike asilimia 30 ya thamani ya kampuni sokoni, akiba za riba vivyo hivyo, na mapato yasiyo halali yasizidi asilimia 5 ya mapato yote. Sehemu hiyo ndogo iliyoingia chafu unaitoa kwenye gawio lako ukawape mafukara, bila kuihesabu kuwa sadaka.

Sisi tunaona tofauti hii ya wanazuoni ni rehema, lakini haifungui mlango kwa hisa za benki ya riba. Tunaulizwa sana kama benki iliyofungua dirisha la Kiislamu hisa zake zimekuwa halali. Dirisha linamhusu mteja anayeweka na kukopa humo. Mwenye hisa anamiliki kipande cha nyumba nzima, na sehemu kubwa ya nyumba hiyo bado ni riba. Hesabu za kampuni zinachapishwa kila mwaka, kwa hiyo mchukulie sheikh wako ukurasa wa madeni na wa mapato. Atakujibu vizuri zaidi akiona tarakimu kuliko ukimuuliza tu "hisa zinafaa?"

Na zaka isisahauliwe. Ulizonunua ili uziuze ni mali ya biashara, unatoa asilimia mbili na nusu ya thamani yake ya sokoni ukitimiza nisabu na mwaka. Ulizoziweka kwa ajili ya gawio zina maelezo yake, na hapo pia muulize sheikh.

Dhahabu hatuidharau. Haitoi gawio, lakini bangili haina mkurugenzi wa kuiibia, na usiku wa dharura sonara atafunguliwa mlango haraka kuliko dalali wa hisa. Biharusi mwenye akili anaweza kuwa na bangili zake, kibati chake cha kila mwezi, na hisa chache za kampuni anayoijua bidhaa yake.

Limebaki moja, nalo huulizwa na wajane zaidi kuliko mabiharusi. Kenya ilibidi itunge sheria mwaka 2011 na kuunda mamlaka maalumu ya mali zisizodaiwa, na humo zimo hisa na magawio ambayo wenyewe wamekufa au wamehama na jamaa zao hawana habari. Mume aliyeacha watoto na hisa 4,000, mkewe ana thumni, hisa 500. Mke akitangulia yeye na ameacha watoto, mume ana robo ya hisa za mke. Kadhi hawezi kugawa asichokijua. Kwa hiyo siku utakayonunua, andika kwenye karatasi jina la kampuni, idadi ya hisa, nambari ya akaunti yako ya hisa na jina la dalali, uitie kwenye bahasha moja na cheti cha ndoa, na umwambie mtu mmoja unayemuamini bahasha hiyo iko wapi.